Jina la Sikioni

Kolhapur, 14 Juni 1984

Kwa Shangazi Dhondabai,

Nagusa miguu yako. Mimi ni mzima. Mvua zimeanza huku, na bweni la wauguzi linavuja juu ya kitanda changu, kwa hiyo nalala na beseni ubavuni kama mke na mume. Natumaini goti lako limepoa na nyati wa maziwa ameshazaa. Msalimie mdogo wangu Raje. Mwambie shati alilotaka nimelipata, na nitampa dereva wa basi la Satara Jumamosi.

Leo ni miezi mitatu tangu Mama atutoke, nami nina neno ambalo sikuweza kulisema matangani mbele ya watu. Siku mbili kabla hajafa alinishika mkono akaniambia, "Mimi sikukuita Nakusa. Nilimwambia shangazi yako akunong'oneze Yesubai." Nikadhani ni homa. Akarudia, akasema, "Yule malkia wa jina hilo alikaa kifungoni kwa adui karibu miaka thelathini na akatoka hai. Nilitaka nawe utoke. Kamuulize Dhonda alikwambia nini sikioni."

Basi nakuuliza, Shangazi. Siku yangu ya kumi na mbili, siku ya kupewa jina, ni wewe uliyeinama kwenye bembea ya mtoto. Ulisema nini?

Humu ndani mna karatasi. Ofisi inataka tamko la aliyempa mtoto jina, na aliyenipa ni wewe, na pa kutia sahihi nimepaweka alama. Nataka kuitwa Yesubai. Nafanya kazi wodi ya wazazi, na jina langu liko kifuani kwa herufi nyeupe. Kila anayejua kusoma anasoma kwamba mimi ni Asiyetakiwa. Wiki iliyopita mama mmoja alimwambia mkwewe aliyekuwa katikati ya uchungu, "Mshike huyu mkono, wenye jina hili hufuatwa na mvulana!" Akazaliwa msichana. Yule mama akanigeukia, "Mkosi we! Umemwachia mjukuu wangu jina lako." Nikaenda kufua mashuka.

Nakuomba, Shangazi.

Wako, Nakusa


Nandkhor, 30 Julai 1984

Kwa Nakusa,

Barua yako imefika. Goti langu halijapoa, ila limezoea. Nyati amezaa dume, maziwa hayo tunakunywa na ndama hatuna haja naye. Raje amevaa shati, limembana mabega, maana mabega yake ni ya kifalme na wewe umenunua la karani. Tumeanza kumtafutia mke. Wamekuja watu wa nyumba tatu, na wote nimewarudisha na chai yao tumboni.

Nimesikitika kusikia unalala na beseni. Umri wa miaka ishirini na sita ulikuwa wa kulala na mwanamume.

Sasa jina. Wewe unadhani majina ya wafalme yanagawiwa kama njugu sokoni? Babu wa babu yetu alishika mwavuli wa mfalme pale Satara, ndiyo sababu mlango huu una haki ya majina hayo. Rajaram, jina kamili la Raje, ni la mfalme, na kaka yangu, baba yako, alikaa nalo mdomoni miaka tisa akimsubiri mwenye nalo. Alizaliwa dada yako wa kwanza, akafa. Wa pili, akafa. Ukaja wewe, na wewe hukufa. Tukakuita Nakusa ili Mungu asikie kwamba tumetosheka na mabinti, na miaka miwili baadaye akaja Raje. Jina lako lilifanya kazi! Watu wa mlima mzima walikuja kuuliza tumefanyaje.

Jina hilo ni kufuli ya nyumba hii. Ukilitoa leo, kabla Raje hajaoa, nani atamzuia mkewe asizae mabinti watano? Subiri Raje apate mtoto wa kiume. Au olewa. Mumeo ataandika jina jipya kwenye mchele kwa pete ya dhahabu, kama walivyoandikwa wenzako, nawe utalipata bure bila ofisi.

Mama yako alikuwa na homa. Wagonjwa husema mengi.

Shangazi yako, Dhondabai


Kolhapur, 9 Agosti 1984

Kwa Shangazi,

Nagusa miguu yako. Wote huku ni wazima. Nimekutumia dawa ya goti, paka jioni na usioge mara moja.

Hukunijibu. Nilikuuliza ulisema nini sikioni mwangu, wewe ukaniambia habari za ndama.

Na jina la mume silitaka. Nataka kutoka nyumbani kwetu nikiwa na jina la nyumbani kwetu. Karatasi ile ina mistari minne tu.

Nakusa


Nandkhor, 2 Desemba 1984

Kwa Nakusa,

Dawa inanuka lakini inafaa. Miwa imekomaa, watu wa kiwanda watakuja kukata baada ya wiki mbili. Raje amepata mchumba, anaitwa Vatsala, binti wa mwenye mashine ya kukamua miwa. Mweupe, ana nyonga pana. Nilimtembeza uani mara mbili nikamtazama kwa nyuma, hana kasoro.

Harusi ni tarehe kumi na nane Februari. Njoo siku nne kabla, mikono ya kukanda unga haitoshi. Vaa sari yoyote ila si ya kijani, hiyo ni ya walioolewa.

Karatasi iko salama, nimeiweka. Ukija tutazungumza.

Dhondabai


Kolhapur, 27 Februari 1985

Shangazi,

Nimerudi salama. Basi liliharibika njiani tukakaa saa tatu. Ndimi za jirani zako zote ni nzima, nimezisikia.

Nakuandikia mambo yaliyotokea, maana ulipokuwa ukiyatenda hukunitazama usoni. Siku zote nne nilikanda unga. Bibi harusi alipofika mlangoni, dada wa bwana harusi ndiye anayezuia mlango. Ndivyo ilivyo kwa kila mtu, tajiri na maskini. Dada anasimama na kusema, "Hupiti mpaka uniahidi binti yako kwa mwanangu!" na watu wanacheka, na bibi harusi anaona haya, na anaingia. Raje ana dada mmoja hapa duniani. Nilikuwa nimeshanawa unga mikononi na nimesimama kizingitini.

Ukanishika kiwiko. Ukasema mbele ya watu wa upande wa pili, "Wewe ondoka hapo! Mwenye jina lako akitaja binti mlangoni, binti atakuja kweli." Ukamweka mtoto wa binamu, na ukamfundisha aseme, "Niahidi pipi." Mimi ukanituma zizini nikaone kama nyati amekula. Raje alikuwa amesimama hapo na kilemba chake, Shangazi. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nyati alikuwa amekula. Nilikaa naye mpaka ngoma zilipokwisha.

Asubuhi nilikuomba karatasi na ukasema mwenye ufunguo wa kabati ametoka. Kabati ni lako na ufunguo uko shingoni mwako. Naomba uitume. Na nijibu lile swali.


Nandkhor, 20 Machi 1985

Kwa Nakusa,

Barua yako haina salamu ya maana wala jina mwishoni. Huko mjini ndivyo wanavyowafunza? Vatsala anapika vizuri, ila mkono wake mzito wa chumvi. Raje amenenepa.

Karatasi niliiwashia jiko, asubuhi ya harusi, kuni zilikuwa mbichi. Sasa umejua, usiniulize tena.

Na lile swali nitalijibu, maana nimechoka kusumbuliwa na marehemu. Mama yako alisema Yesubai. Alisema wazi, hakuwa na homa, alikuwa amelala na ananishika ncha ya sari. Nilisikia. Nikaenda kwenye bembea, nikainama, wanawake wakaanza kunipiga makofi mgongoni na kuvuma kama kawaida, na mimi nikakwambia sikioni, "Nakusa." Kisha nikainuka nikalisema kwa sauti. Mama yako akageukia ukuta. Kaka yangu akanipa sari mpya.

Unataka nijute? Mimi naitwa Dhonda. Jiwe. Walinipa jina hilo ili mauti yanidharau, na kweli yamenidharau, yamemchukua mume wangu yakaniacha mimi. Nilirudi hapa nikiwa na miaka kumi na tisa na kichwa kimenyolewa. Nani aliniandikia ofisi? Wahenga wanasema asiye na mwana aeleke jiwe. Mimi sina mwana na jiwe ni mimi mwenyewe, basi nikamweleka Raje. Huyo ndiye wangu. Ningekuita hata Mavi kama ingemleta.

Hasira zikikwisha, tuma tena ile dawa.

Dhondabai


Nandkhor, 5 Februari 1986

Kwa binti ya kaka yangu, Nakusa,

Hujaandika karibu mwaka, na mimi sikuandika, basi tuko sawa. Barua hii naituma kwa mkono wa dereva wa lori la miwa, nimemwambia asilale njiani.

Vatsala amejifungua tarehe mosi. MVULANA! Kilo tatu na nusu, kucha zake kama za mtu mzima. Nimegawa pipi za peda kijiji kizima, mpaka kwa mbwa wa mwenyekiti. Raje hajui acheke au alie. Jina lake ni Shahuraj, la mfalme wa Satara, na hakuna wa kulipinga.

Ila jina lazima lipitie sikioni, na sikio ni la shangazi. Mimi ni shangazi wa Raje, si wa mtoto. Shangazi wa mtoto ni wewe peke yako. Nilitaka kumweka yule mtoto wa binamu, lakini mamake Vatsala amekataa. Anasema, "Shangazi wa damu yu hai, mnamficha kwa nini, ana ukoma?" Kama hutakuja watamchukua mtoto wakampe jina kwao, na huko watamwita Santoshi au upuuzi gani.

Siku ya kumi na mbili ni tarehe kumi na mbili. Njoo. Unaweza kuvaa kijani.

Dhondabai


Kolhapur, 8 Februari 1986

Kwa Shangazi,

Hongera ya mjukuu. Dereva yuko nje anapiga honi, sina maneno mengi.

Mkono mtupu haulambwi. Uliniambia nisubiri Raje apate mwana, na amepata. Karatasi nyingine hii hapa. Nataka sahihi yako, na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji pembeni yake, na nataka nipewe mkononi kabla sijainama kwenye bembea. Ukiiwashia jiko hii, mwambie nyati amnong'oneze.

Nakusa, kwa mara ya mwisho


Nandkhor, 3 Septemba 1986

Kwa Nakusa,

Natumaini u mzima. Hapa mvua imekata, mihogo mibaya, Vatsala amekonda. Mimi siwezi tena kupanda ngazi za hekalu, naabudia chini kama mwizi. Sikuandika kuomba dawa.

Mtoto akiitwa hageuki.

Ana miezi saba. Anacheka akituona, ananyonya, amekaa bila kushikwa mapema kuliko babake. Lakini ukisimama nyuma yake ukasema "Shahu! Shahuraj! Mfalme wangu!" anaendelea kula kidole. Raje anamwita mpaka sauti inakauka. Juzi alimwita mpaka akampiga kofi, kisha akatoka nje akalia. Vatsala anasema jina limemkataa. Kuhani amesoma nyota, hakuona kitu. Mamake Vatsala ndiye aliyelitamka nililokuwa naliwaza, "Muulizeni shangazi yake alimwambia nini."

Nami nimekumbuka yote. Ulikuja na sari ya kijani. Ulichukua karatasi, ukasoma mistari yote minne polepole wanawake wakikusubiri, ukaikunja ukaiweka kifuani. Ukainama. Uliinama muda mrefu, Nakusa. Neno Shahuraj halichukui muda ule. Tulikupiga makofi mgongoni mpaka viganja vikauma. Ukainuka, na Vatsala akaangusha sinia la shaba lenye taa, na sote tukaruka, na wewe ukabaki umemtazama mtoto na uso wako ukawa kama wa mtu aliyeona nyoka. Kisha ukasema kwa sauti, "Shahuraj," tukala, ukaondoka bila kunigusa miguu.

Ulimwita nani? Mimi nilikujibu ulipouliza. Nilichelewa, lakini nilijibu. Sema ni jina gani, hata kama ni baya, tumwite hilo hilo ageuke. Nitamwita vyovyote. Mimi mwenyewe nitalitamka mbele ya watu.

Usimwonee mtoto kwa ajili yangu.

Dhondabai


Kolhapur, 11 Septemba 1986

Kwa Shangazi Dhondabai,

Nagusa miguu yako. Barua imefika jana mchana nami nimeisoma wodini nikiwa nimesimama. Mimi ni mzima. Bweni limezibwa paa.

Nilimwambia, "Nakusa." Mara tatu. Nilikuwa nimelibeba miaka ishirini na minane na nikalitua pale, kwenye sikio la kwanza nililopewa. Nilikuja toka Kolhapur nikiwa nimekusudia hivyo, na njia nzima ndani ya basi nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Unajua anavyojisikia mtu akiwa ameinama pale. Nadhani ni wewe peke yako unayejua.

Kisha sinia likaanguka. Mliruka ninyi wote, na kunguru wote wa uani wakaruka. Mtoto alikuwa macho, ananyonya ngumi yake, na hata ukope hakupepesa. Shangazi, nimepokea watoto wasiopungua elfu kwa mikono hii. Mtoto wa siku kumi na mbili sinia likianguka karibu naye hurusha mikono yote miwili. Huyu hakusikia sinia. Hakusikia Nakusa, hakusikia Shahuraj, na hajasikia hata siku moja lolote mlilomwambia. Mwambieni Raje asimpige.

Nilijua palepale. Baada ya kula nilitaka kusema. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na mamake Vatsala ananitazama, na karatasi yangu yenye muhuri iko kifuani, nawe ukaniita toka jikoni, "Nakusa! Njoo uondoe vyombo!" Watu wakacheka. Nikafunga mdomo. Niliondoa vyombo, nikapanda basi, na nimenyamaza miezi saba. Kila mwezi nilisema nitaandika mwezi ujao. Kila mwezi nilisema, waniulize kwanza. Nilitaka mniulize na msijibiwe, na mngoje kama nilivyongoja. Nimepata nilichotaka. Mama alitaka nitoke kifungoni, na mimi nimetoka na funguo zako mkononi.

Kuna daktari wa masikio hapa kwetu, Jumanne na Ijumaa. Nimeshazungumza naye. Anasema mapema ni bora, na miezi saba iliyopita ilikuwa mapema zaidi. Mleteni Jumanne. Raje na Vatsala waje, na wewe uje, hata kwa kubebwa, maana nataka ni wewe uulize getini.

Karatasi yako ilifanya kazi yake. Jina la kifuani limebadilishwa, daftari limebadilishwa, na mlinzi ni mgeni wa mwezi wa sita, hamjui mtu wa zamani. Mwambie umekuja kwa Yesubai, nami nitashuka mara moja. Ukisema Nakusa atakwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo. Mimi nitakuwa dirishani juu, na nitawaacha msimame juani na mtoto mpaka uliseme.

Yesubai